Karamu ya Chai kwa Mama Mjamzito, na Jinsi ya Kuandika Mwaliko Wake

Najua ya kuwa wengi wenu mtacheka mtakapoona kichwa cha habari hii. Mvulana wa miaka kumi na tisa, tena wa darasa la mwisho, ana habari gani na karamu za akina mama? Ninyi mliozoea kusoma katika kurasa hizi habari za mpira, na za safari ya kwenda Rusizi kutazama viboko, mtasema mwandishi amepotea njia. Ngojeni kidogo. Wengi wetu tuna dada, na wanafunzi wa zamani wanaotusoma wana wake na binti. Tena kazi ninayotaka kuieleza ni kazi ya kalamu, na kalamu ndiyo tuliyoletwa shuleni kuijua.

Habari yenyewe ilianza katika likizo kubwa. Dada yangu mkubwa alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza iliharibika, na nyumbani kwetu hatuitaji. Basi rafiki zake wa kazini wakasema, "Safari hii tumfanyie bebi shawa ili afurahi." Wakachagua iwe karamu ya chai, na kwa kuwa watu wa nyumbani husema nina hati nzuri, mimi nikapewa kazi ya kuandika kadi za mwaliko. Nikakubali upesi, nikidhani ni kazi ya saa moja. Kumbe ilikuwa kazi ya majuma mawili.

Kwanza yafaa nieleze karamu hii ni kitu gani. Bebi shawa ni desturi iliyotoka Marekani, ikaenea sana huko baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, wakati watoto wengi walipozaliwa. Neno lenyewe lina maana ya manyunyu ya mvua: wageni humnyeshea mama zawadi za mtoto kabla hajazaliwa. Siku hizi desturi hiyo imefika Nairobi, Dar es Salaam na kwetu Bujumbura. Karamu ya chai nayo ni ya Waingereza. Husimuliwa ya kwamba Anna, mke wa Duke wa Bedford, alikuwa akisikia njaa kila alasiri, akaanza kuagiza chai na mkate na kuwaita rafiki zake, yapata mwaka 1840. Basi mambo hayo mawili yakaunganishwa: vikombe vya Waingereza na manyunyu ya Wamarekani.

Lakini msidhani sisi hatukuwa na letu. Warundi wana desturi ya guhemba, maana yake kumwendea mama aliyejifungua na kumpelekea chakula na kinywaji ili nguvu zake zirudi. Akina mama huja na vikapu vichwani, na zamani hapakukosa pombe ya mtama au ya ndizi, ikanywewa kwa mirija katika chungu kimoja. Tazameni tofauti. Manyunyu ya Marekani huja kabla ya mtoto, na zawadi ni za mtoto. Guhemba huja baada ya mtoto, na zawadi ni za mama. Mimi sikuitambua tofauti hiyo mpaka iliponiletea aibu.

Kadi yangu ya kwanza niliiga picha niliyoiona katika simu. Nilikata karatasi umbo la birika, nikachora kikombe, nikaandika kwa wino wa bluu kwamba mvulana anakuja, maana kipimo cha hospitali kilikuwa kimesema hivyo. Chini nikaandika orodha ya vitu vinavyotakiwa: nepi, beseni, chandarua, nguo za miezi mitatu. Nikampelekea bibi yetu, ambaye nyumba yake ya Buyenzi ndiyo ingekuwa mahali pa karamu. Bibi hasomi vizuri bila miwani, akaniambia nimsomee. Nikamsomea kwa sauti. Alipokwisha kusikia alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hii ni barua ya kudai. Tena unamdai mtoto ambaye bado hajatupa salamu."

Nikataka kujibu ya kuwa dunia imebadilika. Yeye akasema, "Mara ile ya kwanza tulikuwa na nguo. Nani alizikunja akazirudisha? Si wewe." Hapo sikuwa na neno. Nilikumbuka kwamba dada alizikunja mwenyewe.

Siku ile nilifahamu kwamba ubishi wa wazee si ujinga. Hawakatai furaha, wanaogopa kumwachia mama sanduku la nguo zisizo na mtu. Hata hivyo rafiki za dada nao walikuwa na haki. Walisema, "Mama huyu anaogopa kila usiku. Tukingoja mtoto azaliwe ndipo tumwendee, nani atamsaidia kuivuka miezi hii miwili?" Mama yangu akasikiliza pande zote mbili, akakata shauri: karamu iwepo, lakini iwe ya mama, si ya mtoto. Wageni waje kunywa chai na kumtia moyo. Vitu vya mtoto vitangoja siku ya guhemba. Nikaambiwa niandike kadi mpya, na safari hii bibi ndiye aliyenitolea maneno. Kadi yenyewe, baada ya masahihisho nitakayoyaeleza, ni hii:

Bibi wa nyumba hii pamoja na binti zake
wanakuomba wewe, ..............................,
ufike kunywa chai pamoja na binti yetu
na kumpa moyo katika miezi yake ya mwisho.
Siku ya Jumamosi, tarehe ....................,
saa nane mchana kwa saa za Bujumbura,
mpaka saa kumi na nusu.
Uje na mikono mitupu.
Zawadi ya mtoto imngoje mtoto.

Sasa nitaeleza mambo manne niliyojifunza, ili atakayepewa kazi kama hii asipate taabu niliyoipata.

La kwanza ni majina. Msianze kununua karatasi kabla orodha ya watu haijakwisha, maana orodha ndiyo karamu yenyewe. Tuliandika majina ishirini na matatu. Nilipokuwa nikiyanakili niliona jina moja halimo, la jirani yetu ambaye mimi humwita shangazi. Yeye hakujaliwa kupata mtoto. Nikauliza kama limesahauliwa. Mmoja wa wakubwa akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni afadhali asiitwe, tusimwumize. Lakini mimi niliona hofu ilikuwa juu ya dada, si juu yake. Watu huogopa jicho la asiye na mtoto. Bibi akasikia kutoka jikoni, akasema, "Andika jina lake. Mtu asiyeitwa ndiye anayeumia." Basi majina yakawa ishirini na manne, na jina hilo nililiandika kwa hati nzuri kuliko yote.

La pili ni maneno. Wapo watakaouliza, kwa nini tusitume habari kwa WhatsApp tukamaliza kwa dakika moja? Ni kweli, simu yafaa kwa kuwakumbusha watu siku mbili kabla. Lakini kadi hupelekwa kwa mkono, na apelekaye hurudi na jibu, tena na habari nyingine: huyu anaumwa, yule amehama, huyu atakuja na mama mkwe. Nilitembea Buyenzi, ambako njia zinajulikana kwa nambari, nikaenda Bwiza na Nyakabiga, nikapanda basi mpaka Kanyosha. Katika nyumba tano niliambiwa niisome kadi mlangoni, kwa kuwa mwenyewe hasomi au hana miwani. Kwa hiyo kadi nzuri ni ile inayosikika vizuri ikisomwa kwa sauti mbele ya watu wazima. Jaribu hilo kwanza. Orodha ya nepi ukiisoma mlangoni kwa mzee, utaona haya wewe mwenyewe. Tena usitaje kama ni mvulana au msichana, wala usitaje jina la mtoto.

La tatu ni saa, na hapa ndipo nilipokosea kosa kubwa. Katika kadi za kwanza za maneno mapya niliandika "saa 8" kwa tarakimu, nikaona nimemaliza. Ninyi mnajua ya kuwa sisi tunaosema Kiswahili, na hata Warundi kwa Kirundi chao, huhesabu saa tangu asubuhi. Saa nane ni alasiri. Lakini maofisini na shuleni tunatumia saa za Kifaransa, ambazo saa 8 ni asubuhi, yaani saa mbili yetu. Juu ya hayo mama mdogo anayekaa Kigoma alipiga simu akauliza, "Saa nane ya kwenu au ya kwetu?" maana saa za Tanzania zimetangulia za Burundi kwa saa moja nzima. Saa nane ya Kigoma ni saa saba ya Bujumbura. Nikazikusanya kadi zilizobaki, nikaandika upya: saa nane mchana kwa saa za Bujumbura. Lakini chache zilikuwa zimekwisha kwenda.

Msisahau pia kuandika saa ya kumaliza. Kwetu jua huchwa yapata saa kumi na mbili, na siku mafuta ya gari yakiwa haba mabasi huwa machache, watu husimama foleni ndefu. Mgeni wa Kanyosha au wa Kinama akijua karamu itaisha saa kumi na nusu, atakuja bila wasiwasi. Asipojua, atatoa udhuru.

La nne ni karatasi na umbo lake. Kadi ya umbo la birika yapendeza machoni, lakini mdomo wake hukunjika katika bahasha na mkono wake hukatika. Nilinunua ukurasa mmoja mkubwa wa manila, nikaukata mara nne kwa mara sita; zikatoka kadi ishirini na nne kamili. Juu nikachora kikombe kwa wino mweusi. Katika picha za Marekani niliona wamebandika pakiti ya chai juu ya kadi. Mimi nilifunga majani kidogo ya chai katika kipande cha karatasi safi, nikayatia ndani ya bahasha. Bahasha zote zikanukia vizuri. Na chai hiyo ni yetu: hapa Burundi mashamba makubwa yalianza katika miaka ya 1960, na leo majina ya Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro yanajulikana kwa chai. Sehemu kubwa huuzwa nchi za nje, nyingine katika mnada wa Mombasa. Yafaa mara moja moja tuinywe wenyewe.

Hapo naomba niseme kwa nini chai ilitufaa kuliko kinywaji kingine. Wageni wetu wengine ni Waislamu na wengine ni Wakristo. Wapo wanywao pombe na wapo wasioigusa. Mama mjamzito naye haifai anywe pombe hata kidogo. Chai humwacha kila mtu anywe katika birika moja. Lakini hata chai ina kiasi chake. Waganga huwashauri wajawazito wasizidishe chai na kahawa, tena wasimeze vidonge vya madini ya chuma pamoja na chai, kwa kuwa chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini vizuri. Basi dada tulimtilia chai nyepesi, kikombe kimoja, kisha akanywa maji ya tangawizi.

Hesabu yake ni rahisi. Wageni ishirini na wanne, kila mmoja vikombe viwili, ni vikombe arobaini na vinane. Kikombe cha chai kinachukua kama sehemu ya tano ya lita, kwa hiyo lita kumi zinatosha: sita za maji na nne za maziwa. Majani ni gramu mbili kwa kikombe, jumla gramu mia moja. Sukari, ukihesabu vijiko viwili kwa kikombe, haifiki nusu kilo. Lakini wageni wetu hawaogopi sukari, nunueni kilo moja. Tena itafuteni mapema, maana yako majuma ambayo sukari haionekani madukani. Sisi tuliitafuta siku sita, tukaipata kidogo kidogo Ruvumera na kwa majirani. Iliki na tangawizi hazikutaabisha. Vya kutafuna vilikuwa maandazi, sambusa na karanga za kukaanga.

Sasa siku yenyewe. Jumamosi asubuhi, saa mbili, nilikuwa nikifagia ua, sijavaa viatu. Mlango ukagongwa. Alikuwa shangazi jirani, amevaa kitenge kipya, amebeba sinia la maandazi kichwani. Yeye anafanya kazi ya usafi katika ofisi moja mjini, na saa anayoifuata ni ya ofisini. Alikuwa amesoma "saa 8" akaja saa 8. Nilitaka kuzama ardhini. Nikamwomba radhi, nikamweleza kosa langu. Akacheka, akasema, "Basi nimekuwa wa kwanza." Dada akatoka akamkaribisha ndani. Walikaa pamoja asubuhi nzima wakikanda unga na kuchambua karanga. Sijui walisema nini. Najua tu kwamba nilipoingia kuchukua ndoo, dada alikuwa akilia na shangazi amemshika mkono, wala hapakuwa na hofu ya jicho la mtu yeyote. Nikatoka bila ndoo.

Alasiri wageni wakaja, ishirini na wawili. Waliambiwa waje mikono mitupu, lakini ninyi mnawajua mama zetu. Mmoja alileta sabuni, mwingine unga wa mtama wa uji, mwingine kitenge, mwingine kilo mbili za maharage. Hakuna aliyeleta nguo ya mtoto. Vyote vilikuwa vya mama, na bibi alivipokea akaviweka ndani ya igiseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka.

Kisha mama yangu akafanya jambo ambalo naona ndilo lenye faida kuliko yote niliyoyasimulia. Alikuwa amewaomba wageni waje na kadi zao. Akawapa kalamu, kila mmoja akaandika nyuma ya kadi siku atakayoweza kuja baada ya mtoto kuzaliwa, na kazi atakayoifanya: kupika, kufua, kuchota maji, kulala na mama usiku. Asiyejua kuandika nilimwandikia mimi. Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake, na akina mama wengi wamepata kuzalia hospitalini. Lakini hospitali haikuchotei maji nyumbani, wala haikuamshii mtu usiku wa manane wa kukusindikiza. Hiyo ni kazi ya majirani, na majirani wakiandikwa mapema hawasahau. Kadi za mwaliko zikawa orodha ya guhemba. Nilizifunga kwa uzi nikazitundika juu ya kitanda cha dada. Ya shangazi jirani ilikuwa imeandikwa hivi: "Siku yoyote, hata usiku."

Baada ya majuma saba ikawa usiku. Mimi ndiye niliyetumwa kugonga mlango wake. Alitoka upesi sana, kana kwamba alikuwa amelala na viatu. Alfajiri mtoto alizaliwa, mzima, naye ni msichana. Kile kipimo kilikosea, na kama kadi yangu ya kwanza ingalitumwa, tungalikuwa tumewatangazia watu ishirini na wanne uongo.

Wageni wakaja kila mmoja kwa siku yake. Ndipo zikaletwa nguo za mtoto, na safari hii hazikurudishwa.

Ndugu zangu, desturi za wageni si mbaya, wala desturi zetu si za kutupwa. Lakini kabla hujachora kikombe juu ya kadi, jiulize kadi hii yamwita mtu aje kumwona nani. Ukijua hilo, maneno yatakuja yenyewe. Na saa, tafadhalini, iandikeni kwa maneno kamili.